Tulifika kibandani usiku tumelowa, tukaambiwa pamejaa. Kibanda cha mlimani ni cha nani?

MwalimuWaBungoma (mleta uzi)

Mulembe wadau. Jambo hili nimekaa nalo wiki mbili nikisita kuliandika, maana kila nikianza hasira inatangulia. Leo imepoa kidogo.

Tulikuwa wanne: mimi, shemeji yangu, mtoto wake wa kidato cha tatu, na kijana wa kutuongoza. Tulitaka kupanda Elgon kwa upande wetu huu wa Kimilili, Kapsokwony na Kaberwa, tulale usiku mmoja kwenye kibanda cha mabati kilicho juu ya msitu wa mianzi, kesho yake tutembee kwenye uwanda wa nyasi hadi adhuhuri, kisha tushuke. Wanaoijua njia watakijua kibanda nisemacho. Kina mlango mmoja, dirisha moja lisilo na kioo, na sakafu ya mbao iliyoinuliwa kama futi moja kutoka ardhini. Watu sita wakilala humo hawagusani.

Tulichelewa. Nalisema mapema kabla hamjaniuliza. Boda moja ilikwama kwenye tope kabla ya Kaberwa, tukaanza kutembea saa tano badala ya saa mbili. Mvua ikatukuta ndani ya mianzi saa nane, na mvua ya kule si ya kujibanza chini ya mti ukasubiri ipite. Njia iligeuka mfereji. Hatua mbili mbele, moja nyuma, huku umeshika mianzi iliyolowa. Tulifika saa mbili kasorobo usiku.

Ndani kulikuwa na mwanga. Nilipouona magoti yalilegea kwa furaha. Nikabisha. Sauti ya mwanamume ikajibu mlango ukiwa umefungwa: "Pamejaa, jamani. Endeleeni mbele." Mbele wapi? Mbele ni nyasi na ukungu hadi mpaka wa Uganda.

Tukajaribu kusimamisha hema letu la watu wawili, upepo ukakataa. Saa tatu hivi mtoto wa shemeji, aliyekuwa akitetemeka tangu msituni, akaacha kutetemeka. Nilidhani amepata joto. Nikamwuliza jina la shule yake, akanijibu kitu ambacho hakikuwa neno la lugha yoyote.

Hapo sikubisha tena. Niligonga bati kwa ngumi zote mbili. Mlango ukafunguka kidogo, mwanamke akammulika mtoto usoni kwa tochi, akamshika mkono na kumvuta ndani bila kusema lolote. Baada ya muda mkono uleule ukatoka na sufuria ndogo ya chai ya tangawizi. Ilikuwa na sukari nyingi mno, na sijui kama nitakuja kunywa tena chai tamu kama ile. Kisha mlango ukafungwa. Sisi watatu tulikaa upenuni hadi kukapambazuka, migongo kwenye bati, hema tumejifunika kama blanketi.

Alfajiri walitoka. Niliwahesabu, walikuwa wanane. Hakuna aliyetutazama isipokuwa yule mwanamke, aliyesema "amelala vizuri" akaondoka na wenzake. Kijana ni mzima na amerudi shuleni. Lakini mimi bado sijatoka pale upenuni. Kibanda cha mlimani ni cha nani? Cha aliyetangulia kufika? Nimerudi nyumbani na sufuria yao na sina jibu.


Nakuru_Mtembezi

Pole sana Mwalimu, na namshukuru Mungu kwamba kijana ni mzima. Ila niseme upande wa pili, maana naona uzi huu utajaa pole peke yake.

Nimepanda Mlima Kenya mara nne. Kule ukitaka kulala Shipton's au Austrian Hut, ile iliyo kwenye mita 4,790, unalipia kitanda. Vitanda vikijaa, unalala kwenye hema lako, na hakuna anayenuna. Waliotangulia kibandani walitoka kwao mapema, wakatembea mchana, wakafika. Ninyi mlianza saa tano mkiwa na hema moja la watu wawili, nanyi ni wanne. Kwa hiyo mlitoka nyumbani mkijua kwamba wawili wenu wanategemea nafasi ambayo hamkuwa nayo.

Sisemi walifanya vyema kuwaacha nje. Nasema kibanda kisiwe ndio mpango wako. Ukikikuta kitupu, shukuru. Ukikikuta kimejaa, uwe na la kufanya.


Akinyi_Milimani

Mwalimu nimesoma hadi mwisho mkono ukiwa mdomoni. Pole dada. Mimi ni wa Kisumu na sijawahi kulala mlimani, tunapanga na wenzangu wa kanisani kwenda Elgon Desemba. Baridi ya kule ni kiasi gani hasa? Maana kwetu mtu akivaa sweta anaulizwa kama ana malaria.


MwalimuWaBungoma

Akinyi, swali lako nalijua kwa sababu nafundisha jiografia, ingawa siku ile elimu yangu niliiacha darasani. Hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kisumu iko kwenye mita 1,131 hivi. Kibanda chetu kiko kama mita 3,100. Tofauti ni karibu mita 2,000, sawa na nyuzi 13. Usiku wa Kisumu ukiwa nyuzi 18, kule ni 5. Ukiendelea hadi Koitobos, kilele cha mita 4,222 upande wa Kenya, unakuta maji ya chupa yameganda asubuhi.

Na hiyo ni hesabu ya hewa iliyotulia. Ongeza upepo, ongeza nguo zilizolowa. Hewa yenye unyevunyevu wa Ziwa Victoria ikipanda miteremko ya Elgon mchana hupoa na kugeuka mvua, ndiyo maana asubuhi unaona kilele kimeng'aa na saa nane huoni mti ulio mbele yako. Nimewachorea wanafunzi mchoro huo ubaoni sijui mara ngapi.

Nakuru_Mtembezi, kuhusu kuchelewa na hema sina la kukujibu. Umesema kweli.


KijanaWaKapsokwony

Chamgei wote. Nabeba mizigo ya watu kwenye mlima huu mwaka wa kumi na moja sasa. Kibanda hicho nakijua, nimelala humo zaidi ya nilivyolala kwa shangazi yangu Kimilili.

Mwalimu, pole. Nianze na mwenzangu aliyewaongoza. Saa tano, mawingu yakiwa yameshaanza kupanda, alipaswa kuwaambia mlale Kaberwa. Mimi mgeni akinifikia baada ya saa tatu asubuhi, namwambia tutaanza kesho, hata akinuna, hata akiniambia amelipa. Kutoka Kaberwa hadi juu ya mianzi na mizigo ni saa sita za mtu mwenye miguu mizuri na njia kavu. Njia ikilowa, ongeza mbili au tatu. Hesabu hiyo mwongozaji anaijua kichwani, haifai kumwachia mgeni aivumbue.

Sasa hilo la kujaa. Mimi nikisikia mtu anasema pamejaa, huuliza swali moja tu: mabegi yako wapi?

Nenda kibanda chochote siku ya watu wengi. Utakuta watu wanane, na kila mtu begi lake kubwa liko kando yake, limelala kama mtu. Pengine na viatu vimepewa nafasi, na sufuria, na mkungu wa ndizi. Hapo pamejaa mizigo. Kibanda kile kikipangwa vizuri kinalaza kumi na wawili. Mabegi yanatundikwa kwenye kenchi kwa kamba. Yanayobaki yanafungwa ndani ya nailoni na kuwekwa upenuni, juu ya mawe ili maji yapite chini. Begi halifi kwa baridi. Watu mnalala ubavu, wote upande mmoja, huyu kichwa kwa miguu ya yule. Anayetaka kugeuka anasema, mnageuka wote. Hamtalala usingizi wa hotelini, lakini mtakuwa na joto kuliko wale wanane waliotawanyika, kwa sababu joto la kibandani ni la miili.

Watoto na wagonjwa katikati. Wazee karibu na mlango, maana wataamka usiku. Mimi na wabeba mizigo wenzangu hulala mlangoni kabisa.

Babu yangu alichunga ng'ombe huko Chepkitale. Alinifundisha mambo mawili kuhusu kibanda cha mlimani. La kwanza, ukikikuta na kuni kavu, kiache na kuni kavu. Hata kama umechoka, hata kama unashuka na hutarudi mwaka huu. Kuni za kule hazikauki kwa siku moja, kwa hiyo unazochoma leo zililetwa na mtu usiyemjua. La pili, aliyelowa haulizwi ametoka wapi kabla hajakaa karibu na moto. Maswali baadaye.

Nakuru_Mtembezi, kaka, kile cha Mlima Kenya kinalipiwa kitanda na kina mtu wa kukiangalia. Hiki chetu hakina risiti. Aliyetangulia ametangulia kuchagua pembe tu.


NesiKisumu

Naomba niingie kwa sababu hapo kwenye kuacha kutetemeka nilisimama.

Mwalimu, yule mtoto alikuwa anakwenda. Sikuambii hivi kukutisha, ila wengine wasome wajue. Mwili unakaa kwenye nyuzi 37 hivi. Joto la ndani likishuka chini ya 35 mtu ameingia hatarini, na haihitaji barafu. Nyuzi 5, mvua na upepo zinatosha, hata nyuzi 10 zinatosha kwa mtu mwembamba aliyelowa na asiyekula tangu mchana. Kutetemeka ni mwili unapigana kutafuta joto. Mtu akiacha kutetemeka baada ya kukauka na kula, ni heri. Akiacha akiwa bado amelowa na yuko baridini, ujue mwili umeishiwa nguvu za kupigana. Kabla ya hapo utaona dalili: anajikwaa, anadondosha vitu, ulimi mzito, anajibu ovyo, wakati mwingine anakasirika bila sababu au anasema yuko sawa mwacheni alale. Msimwache alale peke yake.

La kufanya, kwa mpangilio huu. Mtoe kwenye upepo na mvua. Mvue nguo zote zilizolowa, zote, aibu iwekwe kando. Mvishe kavu, mfunike kichwa. Mwekee kitu chini, kwa sababu ardhi inanyonya joto upesi kuliko hewa: magunia, nyasi kavu, mabegi matupu, chochote. Kisha mtu mwenye joto alale naye ndani ya blanketi moja, kifua kwa mgongo. Akiweza kumeza vizuri bila kupaliwa, apewe kinywaji cha moto chenye sukari nyingi. Yule mama aliyetoa chai ya sukari mno alijua anachofanya au Mungu alimwongoza, kwa sababu sukari ndiyo kuni za mwili.

Yasiyofaa: kumsugua mikono na miguu kwa nguvu, kumlazimisha atembee ili apate joto akiwa ameshafika hatua hiyo, na pombe. Pombe inampa mtu hisia ya joto huku ikilitoa nje.

Na suruali za jinzi, wapendwa. Jinzi ikilowa inakaa imelowa. Ningeomba kila anayekwenda juu afunge jozi moja ya nguo za kulalia ndani ya nailoni mbili, azifungue akiwa amefika chini ya paa tu. Hata kama umelowa njiani na nguo hizo ziko kavu begini, usizivae bado. Ni za usiku.


MwalimuWaBungoma

Sista, nimesoma maneno yako nikalia. Alikuwa amevaa jinzi.


Mkulima_Kitale

Mimi nina njia fupi kuliko hizo zote. Beba jiko dogo la makaa, washa nje, likishika vizuri ingiza ndani ya kibanda na ufunge mlango. Nusu saa tu mnavua masweta. Tumefanya hivyo Cherang'ani.


FundiWebuye

Mkulima, ndugu yangu, tafadhali usirudie tena jambo hilo, na ninakuomba kwa moyo wangu wote.

Binamu yangu alikuwa mlinzi kwenye jengo linalojengwa. Usiku wa baridi, mwezi wa saba, aliingiza jiko la makaa kwenye chumba chake cha mabati, akafunga mlango na kuziba nyufa kwa magunia. Makaa yalikuwa mekundu, hayatoi moshi. Asubuhi walimkuta amelala vizuri kabisa, blanketi limekaa sawa, uso umetulia. Mimi ndiye niliyeitwa kuvunja mlango.

Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inajishika kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyojishika, kwa hiyo kidogo tu inatosha kuifukuza hewa ya uhai. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, unadhani ni uchovu wa safari. Mlimani ni vibaya zaidi, kwa sababu kichwa kuuma na uchovu ndivyo unavyovitarajia kule. Hata mtungi mdogo wa gesi ukiwaka ndani ya kibanda kilichozibwa una hatari hiyohiyo. Pikeni mlangoni, mlango wazi, upepo ukipita. Jiko lisilale ndani na watu hata likiwa limebaki majivu ya moto.


Mkulima_Kitale

Fundi, pole kwa binamu yako. Sikujua. Nilidhani hatari ni moshi tu, na makaa yakishakuwa mekundu moshi umekwisha. Nimewapigia simu wale niliokuwa nao Cherang'ani nikawaambia.


Akinyi_Milimani

Asanteni, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Swali la mwisho: mmoja wetu anasema tusihangaike na vibanda wala mahema, tulale kwenye mapango upande wa Chorlim, Kitum au Makingeni. Ameona picha, ni makubwa na makavu. Inafaa?


MzeeWaEndebess

Binti yangu Akinyi, nimekaa Endebess tangu kabla mama yako hajazaliwa, huenda. Nisikilize.

Kitum msilale. Nendeni mchana, pamoja na askari wa wanyamapori wa KWS, mwone na mtoke. Lile pango linaingia mlimani kama mita 200, na kuta zake zina chumvi. Ndovu huja usiku, wanaingia gizani wakipapasa njia kwa mkonga, wanachimbua mwamba kwa pembe na kuulamba. Alama za pembe ziko ukutani, utazishika kwa mkono wako. Siku hizi ni wachache kwa sababu ya ujangili wa miaka ya themanini, lakini mmoja anatosha. Nyati huja pia, na pongo. Ukiwa umelala katikati ya njia yao gizani, hapana anayeweza kukusaidia.

La pili ni popo. Mwaka 1980 mtu mmoja aliyekuwa amelizuru pango hilo aliugua homa ya Marburg akafa, na mwaka 1987 kijana wa miaka 15 vivyo hivyo. Baadaye wanasayansi wakapata kirusi hicho kwenye popo wa matunda wanaoishi humo. Kupita mchana ni jambo moja, kulaza uso wako usiku kucha kwenye vumbi la mavi ya popo ni lingine. Msilale humo.

Sasa nirudi kwa Mwalimu, maana swali lake ni zito. Mapango ya Elgon yalikuwa nyumba. Mzungu Joseph Thomson alipofika hapa mwaka 1883 aliwakuta watu wakiishi ndani yake, wao na ng'ombe wao, mlangoni pamezibwa kwa magogo ili maadui wasiingie. Hivyo ndivyo Wakony walivyojihifadhi. Mimi nilipokuwa mdogo, wazee waliokuwa wamezaliwa mapangoni walikuwa bado hai, na niliwasikia wakisema jinsi walivyolala: ng'ombe, mbuzi, moto, watoto, wageni. Pango lilikuwa na ukoo wake, mwenyewe alijulikana. Lakini kazi ya yule mwenyewe ilikuwa kuhakikisha magogo yanaondolewa upesi mtu wake akija anakimbia. Mlinzi wa mlango alilaumiwa kwa kuchelewa kufungua kuliko kwa kuchelewa kufunga.

Naona watu wa siku hizi tunajua kufunga.


Nakuru_Mtembezi

Mzee shikamoo, na asante kwa historia hiyo. Sijabadili mawazo kuhusu hema, kila mtu awe na la kwake. Lakini nimesoma aliyoyasema kaka wa Kapsokwony kuhusu mabegi, nikakumbuka vibanda nilivyolala. Begi langu la lita 70 limelala ndani kila mara. Sikuwahi kufikiri kwamba linachukua nafasi ya mtu.


Chebet_Eldoret (amejiunga leo)

Nimejiunga leo ili niandike haya. Dada yangu alinitumia uzi huu akaniuliza, "si hii ndiyo safari yenu?"

Mwalimu, mimi nilikuwa ndani. Mkono uliouona ni wangu.

Sitaki kujitetea. Nitaeleza ilivyokuwa, kisha nitasema la kwangu. Tulikuwa tumeshuka kutoka juu siku hiyo, tulikuwa tumelala karibu mita 4,000. Wenzetu wawili waliugua kwa sababu ya mwinuko, kichwa kinapasuka, wanatapika, mmoja hawezi kusimama sawa. Tulijua dawa yake ni kushuka, tukashuka tukiwashika mikono hadi kibandani. Pembe ya upande wa dirisha inavuja, mbao zilikuwa zimelowa, hakuna aliyeweza kulala hapo. Tulikuwa tumechoka kiasi kwamba mliposema "hodi" mwenzetu aliyekuwa akituongoza alijibu kabla hajafikiri. Alidhani ni kundi lenye mahema. Hakumwona mtoto.

Hayo ndiyo maelezo. Sasa la kwangu. Niliposikia sauti ya mwanamke nje nilijua si sawa. Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema "wafungulieni." Nilinyamaza kwa sababu mimi ni mgeni kwenye kundi hilo, na mwenye kuongoza alishasema. Mlipogonga kwa ngumi ndipo nilipoinuka. Nilimlaza mtoto katikati yangu na mwenzangu, tukamvua ile jinzi, tukamvalisha suruali ya kulalia ya mwenzangu. Alianza kutetemeka tena kama saa nne na nusu, nikashukuru bila kujua kwa nini nashukuru. Leo Sista amenieleza.

Halafu niliwaza kuwaita ninyi watatu. Nilitazama sakafu nikaona kweli hakuna nafasi. Nimesoma maneno ya kaka wa Kapsokwony, nikaweka simu chini. Mabegi yalikuwa ndani, Mwalimu. Manane. Tumeyapanga ukutani kwa unadhifu, mahali ambapo wangelala watu watatu. Nilikuwa nimeegemea langu usiku kucha nikiwasikia mkikohoa upande wa pili wa bati, na sikuliona.

Nisamehe. Nimemwambia na aliyekuwa akituongoza, naye amesoma. Amesema atakuandikia mwenyewe, si hapa.


KijanaWaKapsokwony

Chebet, asante kwa kuja kusema. Wengi wangesoma na kupita. Na mliwashusha wagonjwa wenu badala ya kuwalaza juu, hilo mlifanya sawa kabisa.

Pembe inayovuja naijua. Bati limeachia misumari kwa upepo, linainuka mvua ikija na upande wa Uganda. Mimi na wenzangu wawili tutaomba ruhusa kwa wahusika kisha tupande na nyundo kabla ya mvua za Aprili. Fundi, misumari ya mabati yenye mpira inauzwaje siku hizi?


FundiWebuye

Usinunue. Ninayo nusu kilo imebaki kwenye kazi, na kipande cha bati cha futi nne. Njoo Webuye au nikupelekee Kimilili siku ya soko.


MwalimuWaBungoma

Chebet mpenzi, nimekusoma mara tatu. Kwa wiki mbili nimekuwa nikimwona kichwani mwangu mtu mwenye roho mbaya nyuma ya ule mlango, na sikuwa na sura ya kumpa. Sasa naona watu waliochoka wakiwa na wagonjwa wao, na mabegi. Hasira imeondoka, huzuni kidogo imebaki, nayo itaondoka. Mwanangu anakusalimu. Anakumbuka kwamba kuna mtu alimwimbia. Ni wewe?

Na mimi ninalo la kuomba radhi. Yule mtoto nilimpandisha mimi, saa tano, na jinzi. Shemeji yangu aliniuliza Kaberwa kama turudi, nikamwambia tutafika.

Sufuria yenu ninayo. Ile ndogo nyeusi yenye mpini mmoja. Niambie nikutumie na matatu gani ya Eldoret.


Chebet_Eldoret

Ni mimi, niliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini kwa sababu sikujua la kufanya.

Sufuria usinitumie, Mwalimu. Kaka wa Kapsokwony akipanda na misumari mpe aiache kibandani. Ila aifunike chini juu, ndani yake aweke majani ya chai na sukari kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Panya wa kule wanakula hadi nailoni.


KijanaWaKapsokwony

Nitaitundika kwenye kenchi, msumari wa tatu kutoka mlangoni. Na tangawizi nitaweka.